Kamera ya macho mawili ya bei nafuu: pesa ziende kwenye bapa na saa, megapikseli zingoje

Kwa Mhariri,

Simu nyingi zinazouzwa leo hapa Mombasa zina kamera mbili, tatu au nne mgongoni, na mnunuzi akiyaona macho yale hudhani ataweza kupiga picha yenye kina: mtoto ametokeza mbele, mlango uko nyuma yake, na mnazi wa uani uko mbali kabisa. Hawezi. Lenzi zile zimewekwa kwa kazi nyingine. Moja ni ya kawaida, moja ni pana, nyingine ni ya kuvuta vitu vya mbali, na zimekaribiana mno, sentimita moja au mbili tu. Picha ya kina yataka lenzi mbili zinazofanana kabisa, zilizoachana karibu sawa na macho ya binadamu, ambayo kwa mtu mzima ni milimita 63 hivi kwa wastani, na zinazofyatuka kwa wakati mmoja. Ni kweli iPhone 15 Pro tangu Desemba 2023 hurekodi video ya kina kwa kuoanisha lenzi yake kuu na ile pana, lakini bei ya simu hiyo inajulikana, na kwa kuwa lenzi zake zimebanana, kina chake ni kidogo.

Tunaandika kwa sababu kamera ya macho mawili inaweza kutengenezwa kwa bei ambayo mpiga picha wa ufuo wa Pirates au mzazi wa Kisauni ataimudu. Kila likizungumzwa wazo hili, mazungumzo huharibikia mahali pale pale: watu huanza kuhesabu megapikseli. Pesa zikishaishia huko hazifiki zinakotakiwa, yaani kwenye bapa la aluminiamu linaloshika lenzi na kwenye saa inayozifyatua.

Elimu yenyewe ni kongwe. Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza mwaka 1838 jinsi ubongo unavyounganisha picha mbili tambarare zikawa kitu chenye kina. Mwaka 1947 kampuni ya David White ya Milwaukee, Marekani, ilianza kuuza Stereo Realist, kamera ya filamu ya milimita 35 yenye lenzi mbili zilizoachana milimita 70. Fujifilm ikaleta FinePix Real 3D W1 mwaka 2009, na mwaka uliofuata W3, iliyouzwa Marekani kwa dola 500 hivi. W3 ilikuwa kamera nzuri, lakini ukiichungulia utajua pesa zilikwenda wapi: lenzi mbili za kuvuta ambazo lazima zisogee pamoja bila kupishana hata kidogo, na kioo cha nyuma kinachoonyesha kina bila miwani. Mnunuzi wa kawaida anaweza kuishi bila vyote viwili.

Anayo simu tayari. Kioo, betri, kumbukumbu na kichakataji cha simu yake, hata iwe ya bei ya chini, vinashinda chochote tunachoweza kukitia ndani ya kamera rahisi. Kwa hiyo tunapendekeza kamera isiyo na kioo, isiyo na betri wala kadi: bodi moja nyembamba yenye vihisi viwili vya picha, yaani vipande vinavyogeuza mwanga kuwa picha, inayochomekwa kwenye simu ya Android kwa waya wa USB-C. Bodi za aina hii zipo sokoni, zimetengenezwa kwa ajili ya roboti. Hutoa picha mbili zikiwa ubavu kwa ubavu kama fremu moja, mathalani pikseli 2560 kwa 960, maana yake 1280 kwa 960 kwa kila jicho. Kwa picha itakayotazamwa kwenye simu, kiasi hicho chatosha.

Kabla ya kununua bodi yaangaliwe mambo mawili. USB 2.0 hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, na fremu 30 za ukubwa huo zisipobanwa zataka zaidi ya megabiti 1,100. Bodi lazima ibane picha yenyewe kwa MJPEG, njia ya kupunguza ukubwa wa kila fremu, kabla ya kuituma; isipoweza, utabaki na fremu chache kwa sekunde, na tangazo la muuzaji halitakuambia. La pili ni simu kuwa na OTG, yaani uwezo wa kusoma vifaa vinavyochomekwa kwenye tundu lake la USB. Jaribio lake ni jepesi: chomeka flashi diski, ikisomeka, OTG ipo. Wenye simu zisizoikubali waarifiwe kwenye boksi, kwa maandishi makubwa, si kwenye kijikaratasi cha ndani.

Sasa saa. Njia inayowavutia wanafunzi wengi ni kununua kamera mbili za USB za kawaida na kuzifunga kwenye ubao mmoja. Kila moja ina saa yake. Hata programu ikichagua fremu zilizokaribiana zaidi, kwa mwendo wa fremu 30 kwa sekunde zinaweza kupishana hadi milisekunde 16.7. Tuktuk inayopita Makupa kwa kilomita 30 kwa saa husogea sentimita 14 katika muda huo. Chukua lenzi inayoona upana wa digrii 60, fremu ya pikseli 1280 na macho yaliyoachana milimita 60: kitu kilicho mita 10 mbele kinapaswa kutofautiana kati ya picha ya kushoto na ya kulia kwa pikseli 6 au 7. Kule kuchelewa peke yake kunaingiza pikseli 15 nyingine. Tuktuk inayokwenda upande mmoja itaonekana iko mita 3 kutoka usoni pako. Inayokwenda upande wa pili itayataka macho yako yafunguke kuelekea nje, jambo ambalo macho hayafanyi, na utaumwa kichwa bila kujua sababu. Watu waliosimama kando ya barabara wataonekana sawasawa. Ndiyo maana kamera mbovu hufaulu majaribio ya mezani na kufeli siku ya harusi.

Kikomo kinachofaa ni chini ya milisekunde 1. Kukipata hakuhitaji programu ya ajabu: vihisi vyote viwili viendeshwe na kristali moja, ambayo ndiyo saa yenyewe, na pini ya kusawazisha fremu, ambayo kwa vihisi vingi huandikwa FSIN, iunganishwe kati yao. Anayetaka kuhakikisha asitegemee maelezo ya kiwandani. Abandike utepe mweupe kwenye panga moja la feni, aiwashe mchana karibu na dirisha ili picha ichukuliwe kwa muda mfupi bila ukungu, aielekeze kamera moja kwa moja, kisha apime pembe ya utepe katika picha zote mbili. Feni inayozunguka mara 5 kwa sekunde hugeuka digrii 1.8 kila milisekunde. Pembe zikipishana digrii 10, bodi hiyo irudi ilikotoka.

Kuna kosa la kiujanja linalofanywa na watu hodari. Vihisi vya bei nafuu havisomi picha nzima mara moja. Husoma mstari mmoja mmoja kutoka juu hadi chini. Mtu akigeuza kihisi kimoja juu chini ili nyaya zikutane vizuri katikati, kisha akaipindua picha yake kwa programu, jicho moja litakuwa likisoma juu wakati jingine lasoma chini. Saa zimelingana, lakini hakuna mstari uliolingana isipokuwa wa katikati. Vihisi vielekee upande mmoja, nyaya zipindwe zitakavyo.

Tuje kwenye bapa, ambako ndiko kamera nyingi za kujitengenezea hufia. Macho huvumilia tofauti ya mlalo kati ya picha mbili, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo kina chenyewe. Tofauti ya wima hayaivumilii. Pikseli chache tu na mtazamaji huanza kukunja uso. Na pikseli chache hupatikana kwa urahisi wa kutisha. Shika karatasi moja ya kawaida ya kuandikia: unene wake ni milimita 0.1 hivi. Ukiiweka chini ya upande mmoja wa kihisi, pale ambapo matundu ya skrubu yameachana milimita 12, jicho hilo litainama karibu nusu digrii, na picha yake itapanda au kushuka pikseli 9. Tone la risasi ya kulehemu lililobaki chini ya bodi hufanya vivyo hivyo, na punje ya mchanga pia.

Bodi yenyewe, ile ya fiberi yenye unene wa milimita 1.6, hupinda kwa vidole. Ifungwe juu ya bapa la aluminiamu la unene wa milimita 5, upana 25 na urefu 110. Mabaki ya kipimo hiki hupatikana kwa mafundi wa madirisha na milango ya aluminiamu, mara nyingi kwa bei ya soda. Bapa lililopakwa rangi ya unga likwanguliwe rangi mahali bodi inapokalia, kwa sababu rangi ile haina unene ulio sawa. Kisha lilazwe juu ya kioo kinene cha dirisha: karatasi ikipenya chini yake popote, limepinda, litafutwe jingine, kulinyoosha kwa nyundo ni kupoteza siku. Bodi ikalie nguzo tatu za shaba, si nne. Kiti cha miguu mitatu hakiyumbi, na nguzo ya nne kazi yake ni kuipinda bodi. Nguzo za plastiki zisitumike hata kama zimekuja bure na bodi. Skrubu za M2, zenye kipenyo cha milimita 2, zikazwe kwa zamu, robo mzunguko kila moja, mpaka zishike. Anayekaza moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine amekwisha kuiinamisha bodi.

Ganda la nje linaweza kuchapishwa kwa mashine ya 3D, kukatwa kwa plastiki ya mabango, au hata kuchongwa kwa mbao na seremala wa Mji wa Kale, ambaye tunaamini angetoa kitu cha kupendeza kuliko hayo mengine. Sharti ni moja: ganda lisishike lenzi. Plastiki ya PLA, inayotumiwa na mashine nyingi za kuchapisha, huanza kulegea inapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hapa Pwani hufika huko bila shida. Kamera ya ganda la PLA inaweza kuondoka nyumbani asubuhi ikiwa sawa na kurudi jioni ikiwa na makengeza.

Lenzi zote mbili zitazame mbele sambamba. Wapo wanaozigeuza kidogo zielekeane, wakifikiri wanayaiga macho yanavyokutana kwenye kitu cha karibu. Matokeo yake ni kwamba ukuta ulionyooka huwa mpana kushoto katika picha moja na mpana kulia katika nyingine, na pembe za picha hazikutani tena. Ziache sambamba, kitu cha karibu kikitokeza nje ya fremu, programu ya simu isogeze picha hizo kwa mlalo na kukata kingo. Kukata pikseli 30 au 40 pembeni hakumnyimi mtu chochote.

Ziachane kiasi gani? Hapa tunatofautiana na viwanda. W1 ilikuwa na milimita 77, W3 ina 75, na Nintendo 3DS ya mwaka 2011, ambayo ni ya michezo, 35 hivi. Sisi tunasema 60. Wapiga picha wa kina wana kanuni ya moja kwa thelathini: tofauti kati ya kitu cha karibu zaidi na cha mbali zaidi isizidi sehemu ya 30 ya upana wa picha, ambayo kwa pikseli 1280 ni 43. Kwa milimita 60 na lenzi ya digrii 60, mtu aliye mita 1.6 anaweza kupigwa picha hata kama nyuma yake kuna bahari hadi upeo. Ndani ya sebule, ukuta ukiwa mita 4, unaweza kumsogelea hadi mita 1.1. Kwa milimita 75 ungelazimika kurudi nyuma hadi karibu mita 2 nje na mita 1.3 sebuleni, na nyumba zetu nyingi zina nafasi finyu ndani. Anayetaka kupiga picha za meli zilizotia nanga mbali atalalamika kwamba zinaonekana bapa. Aambiwe ukweli kwamba hata macho yake hayaoni kina kule.

Lenzi ziwe za skrubu ya M12, yaani kipenyo cha milimita 12, za fokasi isiyobadilika: umbali zinakoona safi umefungwa mara moja. Fokasi ya kujirekebisha ni adui: lenzi ikisogea ndani na nje, picha hukua na kupungua kidogo, na jicho moja halisogei sawa na jingine. Kwa kihisi cha pikseli zenye upana wa mikroni 3.75, lenzi ya milimita 4.2 na tundu la kupitisha mwanga la f/2.4, ukiifunga fokasi kwenye mita 2, kila kitu kuanzia mita 1 hadi mbali kabisa hutoka safi. Hakuna cha kurekebisha tena maisha yote ya kamera.

Ila lenzi mbili zenye chapa moja na namba moja hazifanani. Zikipishana asilimia 2 katika umbali wa fokasi, ule unaoamua ukubwa wa picha, pembe ya juu ya picha moja itakuwa pikseli 9 au 10 juu ya mwenzake. Kiwanda kidogo kinunue lenzi kwa mia, kipige kila moja picha ya rula ile ile kutoka umbali ule ule, kisha kizipange kwa jozi kufuatana na urefu wa rula kwenye picha. Kazi hii haihitaji mashine, inahitaji mtu mvumilivu. Zikishawekwa fokasi zifungwe kwa nati yake na tone la gundi ya mirija miwili. Gundi ya kukauka mara moja, ile ya tyubu ndogo inayouzwa kila kioski, isikaribie lenzi: mvuke wake huacha utando mweupe kwenye kioo, nao hauonekani mpaka umekwisha kuifunga kamera.

Mwangaza na rangi za macho yote mawili ziamuliwe mahali pamoja. Jua la Mombasa likiingia pembeni mwa lenzi moja, kamera inayojiamulia kila jicho peke yake itatia giza picha ile na kuiacha nyingine nyeupe, na uso wa mtu utametameta kwa namna isiyopendeza. Bodi ipime jicho la kushoto na kulilazimisha la kulia lifuate. Kofia fupi nyeusi kwa kila lenzi, milimita 6 tu, huzuia sehemu kubwa ya tatizo hili.

Chumvi ya bahari ina mambo yake. Skrubu za chuma cha kawaida zitashika kutu mapema. Ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, na kichwa kiwekewe washa ya nailoni, kwa kuwa chuma cha pua kikigusana na aluminiamu penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa. Ndani ya boksi kiwepo kifuko cha jeli ya silika, maana unyevu wetu huotesha kuvu juu ya lenzi iliyofungiwa kabatini. Na anayetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi aiache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto la nje, vinginevyo lenzi zitashika umande, jicho moja zaidi ya jingine.

Baada ya yote hayo makosa madogo yatabaki, na hayo hurekebishwa kwa hesabu. Chapisha kwenye A4 ubao wa drafti wa miraba 10 kwa 7, kila mraba milimita 25, uubandike juu ya kioo. Juu ya kadibodi utajikunja kwa unyevu na hesabu yote itaharibika. Piga jozi 20 hadi 30 za picha, ubao ukiwa karibu, mbali, umeinama kila upande na umefika hadi kwenye pembe za fremu. OpenCV, mkusanyiko wa bure wa programu za kuchakata picha, itatoa vipimo vya kila lenzi na jinsi jicho moja lilivyoinama kwa jingine. Kosa la wastani likizidi nusu pikseli, ama picha zilitikisika, ama ubao umepinda, au skrubu imelegea. Vipimo hivyo viandikwe kwenye faili lenye namba ya kamera hiyo, na programu ya simu ilisome mara ya kwanza inapochomekwa. Kazi hii ni ya mtengenezaji. Kumwachia mnunuzi ubao wa drafti na maelekezo ni kumuuzia kamera ambayo haijakamilika.

Sisi tulio Pwani tunacho pia kipimo cha bure ambacho bara hawana. Simama ufukweni Nyali, elekeza kamera kwenye upeo wa bahari palipo na meli. Upeo uko kilomita 4 hadi 5 kwa mtu aliyesimama mchangani, na kwa umbali huo tofauti kati ya macho mawili ni sifuri. Mstari wa upeo lazima ukatize picha zote mbili kwa kimo kimoja, na meli iwe mahali pamoja. Mstari ukiwa juu zaidi katika picha moja, jicho moja limeinama. Ukishuka upande mmoja, kihisi kimezunguka. Meli ikihama kushoto au kulia, lenzi haziko sambamba. Makosa matatu yamesomeka kwa picha moja.

Kamera bila kitazamio, yaani kisanduku cha lenzi mbili kinachotiwa simu na kuwekwa machoni, ni nusu ya bidhaa. Lenzi za vitazamio vya kadibodi, kipenyo milimita 25 na fokasi milimita 45, ni rahisi kuzipata tangu Google ilipotoa mfano wake wa Cardboard mwaka 2014. Kadibodi yenyewe hulegea kwa jasho la paji la uso. Tumia plastiki ya mabango, inapangusika. Kosa la programu nyingi ni kuzitandaza picha zijaze kioo cha simu. Simu ya siku hizi ina urefu wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo vitovu vya picha vitaachana milimita 75 na macho yatalazimika kufunguka nje. Programu ipime kwa milimita, isipime kwa pikseli: kila picha upana wa milimita 52, vitovu viachane 62. Upana huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Ukitazamwa kwa lenzi ya milimita 45 unarudisha zile digrii 60 zilizopigwa, na mtoto anaonekana na unene wake halisi. Wapo watu ambao ubongo wao hauunganishi picha mbili, kwa sababu ya makengeza ya utotoni au jicho moja dhaifu. Muuzaji amjaribishe mteja kabla ya kupokea pesa.

Bei tunayoilenga dukani ni KSh 7,500. VAT ya asilimia 16 inachukua kama 1,030 ndani yake. Vipuri na kazi visizidi 4,500: bodi na lenzi zikinunuliwa kwa mamia 2,900, bapa, skrubu na ganda 600, waya 200, kitazamio 400, na kupima kila kamera 400. Kinachobaki kigawanywe kati ya mwenye duka na akiba ya kamera zitakazorudishwa. Ukiona pendekezo la mtu lina ganda la kifahari na fungu la kupima halimo, jua kamera zake zitarudi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kina wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta miradi ya mwaka wa mwisho. Huu ungewafaa, ukigawanywa kati ya watu wa mitambo, wa elektroniki na wa programu.

Nawe Mhariri unaweza kusaidia bila gharama ya ziada. Chapisha jozi moja, tuseme ya lango la Fort Jesus, kila picha upana wa milimita 58 na mwanya wa milimita 2 katikati. Wasomaji wengi wataweza kuziunganisha kwa kutazama kana kwamba wanaona mbali kupita ukurasa. Iwe nyeusi na nyeupe. Ile njia ya miwani nyekundu na samawati haifai gazetini, kwa sababu wino za rangi zikipishana hata milimita 0.3 mtamboni, kina chote kinavurugika. Mpangaji wa ukurasa asikate kingo za picha moja peke yake wala asiing'arishe moja kuliko nyingine. Na ya kushoto ibaki kushoto: zikibadilishana nafasi, lango litaonekana limejitenga mbele ya ukuta, na mtu aliyesimama mbele yake atazama nyuma ya mawe.

Mafundi wa kamera na elektroniki,
Mombasa